Al-Inkishafi na sisi watu wa Ujiji: yule mshairi alikuwa anamsema nani?

#1 Mwanaziwa

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, tutaonana kwingine.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye khitma hapa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Marehemu alikuwa mtu mwenye nazo: maboti ya dagaa, ghala, nyumba za kupangisha. Dua ilipokwisha akasimama kijana mmoja mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni, akatusomea lile shairi la kale, Al-Inkishafi. Alipofika kwenye zile nyumba zilizobaki tupu, popo wananing'inia, akanyoosha mkono kuelekea jumba la marehemu. Watoto wa marehemu wamekaa barazani pale pale, wanamwona. "Mnaona wenye mali wanavyoishia?" Watu wakatikisa vichwa. Na mimi nikatikisa changu, tena kwa raha, maana kuna tajiri mwingine aliye hai nilikuwa namfikiria.

Nimefika nyumbani, chai imenishinda.

Shairi hili sikulipata kwenye simu. Nililisikia chuoni nikiwa na miaka tisa au kumi, kwa mwalimu wetu wa Kurani, mzee aliyelinakili kwa hati ya Kiarabu kwenye daftari la shule, wino wa bluu, pembe za kurasa zimeliwa na mende. Alikuwa akilisoma baada ya darasa la alasiri sisi tukikunja majamvi. Hatukuelewa neno moja kati ya matatu. Ila nakumbuka alipofika "Moyo wangu nini huitabiri" aliweka kiganja kifuani. Kifuani kwake. Hakutunyooshea sisi kidole, na madirisha ya jirani yalikuwepo.

Kwa wasiolijua: mtunzi ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, sharifu wa Pate, kisiwa jirani na Lamu, Kenya ya leo. Aliishi karne ya 18 akaigusa ya 19. Pate ilikuwa dola. Matajiri wake walikuwa na sahani za Kichina, nyingine si za kulia, ni za kupanga kwenye vidaka vya ukutani ziwe pambo. Kisha fitina za kugombea kiti na vita na majirani vikaimaliza. Sayyid Abdalla akaona magofu, akatunga. Beti hazifiki 80. Neno inkishafi ni la Kiarabu, maana yake kufunuka, kuondoka kwa pazia.

Sasa pazia hilo watu wanadhani ni la nyumba ya jirani. Hebu lisomeni lilivyo. Anamhimidi Mungu, anamsalia Mtume, anasema anataka kutunga koja la lulu, halafu anageuka. Anamgeukia nani? Simwoni sultani hapo, wala kijana aliyeharibika. Anaugeukia moyo wake, anaugombeza kama baba anavyomgombeza mwana aliyerudi usiku wa manane: si unajiita mwerevu? Hujui dunia ina ghururi, yaani hadaa? Mbona unafuata njia zenye matata? Na moyo haujibu. Anaupigia mifano, taa kwenye upepo, mangati, yale mazigazi anayoyakimbilia mwenye kiu, moyo kimya. Ndipo anapouonyesha wale matajiri waliokuwa waking'ara kama jua, wakitembea wamepinda shingo kwa maringo. Matajiri wenyewe hata majina hawapi. Majina ya watu wa Pate yanapokuja, ya kwao yamo: Ali bin Nasir, Abubakari, Idarusi. Ukoo wake.

Nauliza: mtu aliyetunga hivi, ni haki umchukue ukampigie watoto waliofiwa?

#2 Kahawa_Chungu

Ngoja nikae pembeni na kikombe changu, wajuvi waje.

#3 Dogo wa Mwanga

Mleta uzi umeandika vizuri ila mimi mtu wa Kigoma mjini Kiswahili cha Pate hakipandi. Hiyo "nyumba tame" ni nyumba gani? Iliyofugwa?

#4 Mwl_Kasulu

Dogo umenichekesha. Tame ni tupu, mahame. Mstari ni huu: "Nyumba zao mbake ziwele tame, makinda ya popo iyu wengeme." Ziwele ni zimekuwa. Iyu ni juu. Wengeme, wamening'inia. Na ule mwingine, "Madaka ya nyumba ya zisahani, sasa walaliye wana wa nyuni." Nyuni ni ndege. Mahali palipokuwa na sahani ya Kichina leo kalala kinda la ndege. Sisi tunasema visahani, wao zisahani. Ukishajua hilo la vi kuwa zi, nusu ya ugumu imekwisha.

Lisome kwa sauti. Kila ubeti mishororo minne, kila mshororo mizani 10. Mitatu ya kwanza vina vyake vinabadilika ubeti hadi ubeti, lakini wa nne siku zote unaishia na "ye". Beti zote, mwanzo mpaka mwisho. Ile "ye" inarudi kama mtu anayegonga mlango na hajafunguliwa.

Kuhusu mada yenyewe, Mwanaziwa, nakubaliana na wewe robo tatu. Ni kweli washairi wetu wengi wa adili wanamwelekea mtoto. Mwana Kupona mwaka 1858 yuko kitandani anaumwa, anamuusia binti yake. Shaaban Robert katunga Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti, Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwana wa kiume. Ndivyo tulivyo, wema tunaugawa kuelekea chini, kwa wadogo, kwa wanafunzi. Nami ni mwalimu, ndiyo kazi inayonilisha. Sayyid Abdalla kafanya jambo adimu, kajikalisha mwenyewe kwenye jamvi la mwanafunzi.

Robo inayobaki ni hii. Mtu wa Pate aliyeandika shairi alijua litanakiliwa na litasomwa mbele za watu. Ukinisema mimi kwa sauti kubwa barazani, wapita njia wote wanasikia. Fumbo mfumbie mjinga. Inawezekana "moyo wangu" ni adabu tu ya kusema "mioyo yenu" bila kumvunjia mtu heshima. Kwa hiyo kijana wa khitma hakukosea shairi, kakosea adabu.

#5 Mwanaziwa

Mwalimu shikamoo. Hapo kwenye robo umenigusa, ngoja niitafune.

#6 Kipe_cha_Bangwe

Mimi si msomi, darasa la saba, ila hiyo taa ya kwenye upepo naijua kuliko ninyi nyote humu.

Mleta uzi anasema mshairi kasema dunia ni taa katika upepo, huwezi kuizuia isizimike. Sawa. Huyo ni mtu wa nyumbani, taa yake iko chumbani. Angekuwa mtu wa huku angesema lingine. Sisi tunatoka jioni, usiku usio na mbalamwezi. Zamani tuliwasha karabai za mafuta ya taa, siku hizi ni balbu za betri na sola. Unawasha, unasubiri. Dagaa wanakuja. Mwanzo wachache, wanazunguka kama wamelewa, baadaye maji yanakuwa meupe kwa dagaa. Chini yao migebuka imekuja kula dagaa. Na chini ya migebuka uko wavu, umeushusha kabla hata hujawasha taa. Wavu haukufichwa. Uko pale. Dagaa hauoni kwa sababu anaangalia mwanga, na mgebuka hauoni kwa sababu anaangalia dagaa.

Miaka ishirini nafanya kazi hiyo, sijawahi kuona dagaa aliyegeuka kumwambia mwenzake angalia chini.

Halafu kuna jambo jingine. Mwaka 2024 serikali ilifunga ziwa miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, samaki wazaliane. Mwanzo tulilalamika, baadaye wengi tukaelewa, maana kila mtu alishaona mavuno yanavyopungua. Sasa moyo. Mchana moyo wangu ulikuwa raia mwema kabisa, kwenye kikao nilisimama nikawaambia vijana tuvumilie. Usiku unaniambia: doria leo iko kusini, watoto hawajala, bahari... samahani, ziwa halina mlango. Wiki tano nilishinda. Ya sita nikaenda. Nilipata beseni mbili. Na yule kijana niliyemkanya kikaoni nilimkuta humo humo majini, kazima taa, mimi nimezima taa. Tukapitana kimya. Mpaka leo tukikutana msikitini tunaulizana habari za nyumbani tu.

#7 Kahawa_Chungu

Haya maneno ya dagaa kutomwambia mwenzake angalia chini nimeyasoma mara tatu. Kahawa imepoa.

#8 Mnyamwezi_Mpole

Natokea Tabora, wajomba zangu wa Kigoma nawasalimu. Kwetu Kwihara kuna tembe, nyumba ya udongo, alilokaa Livingstone baada ya kutoka kwenu Ujiji, wamelikarabati, wageni wanaletwa. Unaonyeshwa chumba, mlango, ramani. Nimekwenda pale na wanafunzi si chini ya mara nne. Hakuna aliyewahi kuuliza nani alikanda ule udongo. Naomba nalo liingie kwenye mjadala wa magofu.

#9 Mjukuu_wa_Manyema

Asante Mnyamwezi, umenifungulia mlango, maana nilikuwa nasoma nimekunja uso.

Niseme wazi. Nyinyi mnalia na nyumba za Pate. Mimi nikisoma "nyumba zao ziwele tame" roho yangu inasema alhamdulillah. Bibi mzaa bibi yangu aliletwa Ujiji kutoka ng'ambo ya ziwa, Manyema, Kongo ya leo, akiwa mtoto. Aliletwa, hakuja. Nyumbani kwetu hadithi yake inasimuliwa hivi: alikuwa amebeba mzigo wa mtu, na aliyemfuata nyuma alikuwa amebeba jino la ndovu, na aliyebeba jino hakufika. Hata jina lake la kwao hatulijui. Tunalijua alilopewa.

Sasa nionyesheni kwenye hizo beti 70 na ushee mtu aliyepangusa zile sahani. Nionyesheni aliyepanga ile mito ya vitandani, kichwani na miguuni, iliyotariziwa. Mshairi ana macho makali kiasi cha kuona makinda ya popo, kaona na ndege kwenye kidaka, ila mtu aliyekuwa akifagia chini ya kidaka hicho kila asubuhi huyo hajauliziwa yuko wapi. Anauliza wako wapi mabwana. Mabwana walikwenda wapi sisi inatuhusu nini?

Na msiniambie ni mambo ya kale. Zanzibar biashara ya watumwa kwa bahari ilipigwa marufuku 1873, lakini huku Tanganyika sheria ya kuufuta utumwa wenyewe imetoka 1922. Bibi yangu alikuwa ameshazaliwa. Na mpaka tunakua, ukigombana na mtoto wa nyumba fulani hapa mjini neno la mwisho lilikuwa lile lile, mnalijua, silirudii hapa.

Mnasema anaugombeza moyo wake. Vizuri. Kaugombeza kwa kupenda dunia, kwa kujidanganya, kwa kusahau mauti. Ila moyo wa tajiri wa Pate ulikuwa na kosa jingine kubwa zaidi ya kupenda sahani. Hilo pazia halikufunuka.

#10 Dogo wa Mwanga

Kimya kimetanda.

#11 Mwl_Kasulu

Mjukuu, nimeandika jibu nikalifuta, nikaandika tena nikalifuta. Ningeweza kukwambia kwamba mshairi anapowalaza matajiri kaburini juu ya mchanga, bila zulia wala mkeka, anawashusha mpaka walipokuwa wakilala watumwa wao. Lakini hilo ni mimi nalisema, yeye hakulisema. Kwa hiyo sina cha kumtetea. Umeongea kweli.

Nabaki na hili tu. Chombo alichotuachia kinafaa kuliko yeye alivyokitumia. Kuuweka moyo wako kizimbani ukauuliza maswali bila kuupa wakili, hiyo njia unaweza kuipeleka mpaka mahali yeye hakufika. Wewe mwenyewe umeipeleka sasa hivi, umemuuliza yeye.

#12 Mjukuu_wa_Manyema

Hapo nimekuelewa mwalimu. Na sichukii shairi, ndiyo maana nalijua. Bibi alilipenda. Hilo nalo huwa linanisumbua.

#13 Mwanaziwa

Nimesoma yote. Jana sikuandika, nilikuwa natafuta namna.

Mjukuu, nilipoanzisha uzi nilijiona mimi ndiye ninayelijua shairi na kijana wa khitma ndiye asiyelijua. Umenionyesha kwamba hata mimi nilikuwa natembea kwenye magofu naangalia juu tu, kwa popo.

Kipe, wewe ndiye uliyenimaliza. Umeandika habari ya beseni mbili na hukuulizwa na mtu. Ngoja nami niseme langu.

Mnakumbuka 2021 ziwa lilivyopanda. Kibirizi, Katonga, huku kwetu, maji yaliingia kwenye nyumba za watu. Mimi nina nyumba ya urithi, vyumba vinne, upande wa chini kuelekea ufukweni. Mwishoni mwa mwaka uliotangulia nilishaanza kuona. Mti wangu wa mwembe wa mwisho shambani, ambao nikiwa mtoto tulikimbia kutoka hapo mpaka tukachoka kabla ya kufika maji, ulikuwa unalowana mizizi. Nilitia kijiti ardhini kupima. Kila Jumapili nilikwenda kukiangalia. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi na kile kijiti.

Akaja mama mmoja, mjane, mchuuzi wa dagaa, anatafuta chumba karibu na ufukwe aweze kuanika. Kodi elfu thelathini kwa mwezi, miezi sita mbele kama ilivyo desturi. Aliniuliza, "Baba, maji hayafiki huku?" Nikamjibu, "Mama, nyumba hii kajenga babu yangu." Si uongo. Babu yangu ndiye aliyejenga. Nilipokea laki na themanini, na jioni ile sikwenda kuangalia kijiti.

Maji yalifika. Dagaa zake, magunia sijui manne, zilioza, alikuwa ameziweka chini. Alikuja kwangu hakugombana, alisema tu, "Baba, Mungu kapenda." Nikamjibu, "Mungu kapenda, mama." Alikuwa amekaa miezi mitatu. Ile mitatu iliyobaki hakuidai na mimi sikuitaja.

Kwenye khitma, kijana aliponyoosha kidole kwenye jumba la marehemu, yule tajiri niliyekuwa namfikiria ni mwenye nyumba mmoja wa Gungu anayejulikana kwa kutesa wapangaji. Huyo ndiye aliyenifanya nitikise kichwa kwa raha.

Ndiyo maana chai ilinishinda. Mwanzo niliwaambia nusu.

#14 Mwl_Kasulu

Ndugu yangu.

Niongeze kidogo tu, nje ya hapo. Ziwa hili lina tabia hiyo tangu zamani. Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji mwaka 1871 maji yalikuwa juu sana kuliko tulivyoyazoea. Baadaye, mwaka 1878, Mto Lukuga upande wa Kongo ulifungua mlango, ziwa likamwagika na kushuka mita nyingi. Sehemu kubwa ya ardhi ambayo watu wamejenga pale chini ni ardhi ambayo ziwa liliiacha. Babu zetu walijenga kwenye shamba la mtu aliyesafiri. Sayyid Abdalla anasema ulimwengu ni bahari tesi, yenye mawimbi, una matumbawe. Sisi matumbawe hatuna, ila mawimbi tunayo.

#15 Sikukuu_Kila_Siku

Uzi ulianza na ushairi sasa naona tumefika kwenye kitubio. Nani mwingine? Mimi nina deni la nyavu tangu 2018 lakini sijawa tayari kulisema.

#16 Mama_wa_Mwalo

Nimewasoma tangu juzi nikiwa naanika dagaa, simu ina magamba ya samaki. Mimi nafanya kazi Kibirizi.

Mwalimu, shikamoo, historia nzuri. Mwanaziwa, baba yangu, nakuheshimu, umeandika maneno ya kutoa machozi. Sasa nauliza swali la kina mama wa mwaloni: hela ya yule mama iko wapi?

Maana nimesoma mstari kwa mstari. Umeusema moyo wako, umeugombeza, umeufunua pazia. Wenzako wamekupa pole, mwalimu kakuita ndugu yangu. Ukishalia mbele za watu wote wanasahau kuuliza hesabu. Miezi mitatu mara elfu thelathini ni tisini. Unayo. Simu unayoandikia hapa ni zaidi ya hiyo. Dagaa za magunia manne sizihesabu, hizo hutaziweza.

Huyo mshairi wenu sijamsoma. Labda ana ubeti wa kurudisha.

#17 Kahawa_Chungu

Wallahi mama.

#18 Kipe_cha_Bangwe

Mama wa Mwalo na mimi je? Beseni zangu mbili nizirudishe kwa nani, kwa dagaa?

#19 Mama_wa_Mwalo

Wewe msimu ujao lala nyumbani. Tena mtafute yule kijana mliyezimiana taa, mwambie ulikuwa wewe. Anajua, ila mwambie.

#20 Mjukuu_wa_Manyema

Mimi huyu mama ndiye ninayemsikia hapa. Ningependa bibi awe hai amsome.

#21 Mwl_Kasulu

Kwa aliyeuliza ubeti wa kurudisha, nimepitia nakala yangu usiku wa jana. Shairi linaishia motoni. Anauhesabia moyo majina ya moto, Jahannamu, Saqari, Hutama, Hawiya, na yale ya kati, ubeti baada ya ubeti, mpaka linakwisha. Ubeti wa kurudisha tisini elfu sikuuona. Huo labda alitegemea mtu ajue mwenyewe.

#22 Dogo wa Mwanga

Siku ya nne leo mleta uzi hajarudi. Kakimbia?

#23 Mwanaziwa

Sijakimbia Dogo.

Nilikwenda Kibirizi kumtafuta. Kumtafuta mtu pale kwa kusema "mjane anayeuza dagaa" ni kama kutafuta maji ziwani, walinicheka. Nikasema aliyepata mafuriko kule Ujiji, akaoza magunia manne. Mzee mmoja anayefuma nyavu akauliza, "Yule wa nyumba ya kijiti?"

Nikamwuliza kijiti gani.

Akasema huyo mama alipohama aliwasimulia, kwamba uani kwa mwenye nyumba kulikuwa na kijiti kimechomekwa karibu na maji, kina alama za kisu, na alama zote ni mpya. Alikiona siku ya pili ya kuhamia. Alijua, ila fedha alikuwa ameshatoa na pengine pa kwenda hakuwa napo.

Nilikaa pale juu ya mtumbwi uliopinduliwa muda mrefu. Miaka yote hii nilidhani siri ile tunaijua wawili tu, mimi na kijiti.

Sasa hivi anaishi Nguruka, anauza dagaa za jumla zinazopanda treni. Walinipa namba. Nilimpigia jana jioni. Nilijitambulisha, nikamsalimia, nikamwambia mama, kuna fedha yako ya kodi ninayo, miezi mitatu, elfu tisini, naomba nikutumie na unisamehe, kuhusu dagaa tuongee. Alinyamaza kidogo, nikasikia watu wa sokoni nyuma yake. Halafu akaniambia, pole pole kabisa, bila ukali:

"Baba, si mitatu. Mwezi wa tatu nilikuwa nalala kwa dada yangu, maji yameshaingia chumbani, na wewe ulikuja ukaona. Ni minne."

Nilikata simu nikahesabu kwa vidole. Ni minne.